Mtutu wa Ziada Si Spea ya Baiskeli



Leo nazungumza na wenye leseni za bunduki ndogo za .22, hasa zile zinazokubali mitutu zaidi ya mmoja. Kwenye CZ 455, kwa mfano, mtutu hushikwa na skrubu mbili tu. Mwenye bunduki anaweza kutoa mtutu wa .22 LR na kuweka wa .22 WMR. Wepesi huo usitusahaulishe hatari.

Risasi hizi mbili hukaribiana kwa sura. Lakini ganda la LR lina upana wa milimita 5.7 hivi, la WMR 6.1. Ukipiga LR katika mtutu wa WMR, ganda halibanwi vizuri. Linaweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni.

Kwa hivyo, kabla ya kushika skrubu, toa magazini, fungua boliti, uhakikishe hamna risasi ndani. Ukimaliza, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Risasi za aina nyingine zifungiwe kando. Magazini ya LR nayo haifai kwa WMR, na shabaha lazima ipimwe upya.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huhesabu hata sehemu ya silaha kuwa silaha. Kabla ya kununua mtutu wa pili, uliza kwanza Bodi ya Leseni za Silaha. Leseni hutolewa na serikali ya kitaifa, lakini watakaoumia ni jamaa na majirani zetu.