Tembo Husikia Mvua ya Mbali?

Msikilizaji wa Isiolo, tarehe 4 Machi 2010 Mto Ewaso Nyiro ulifurika ghafla ukasomba kambi za watalii Samburu na Buffalo Springs. Mto huu hujazwa na mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, hata kwetu kukiwa kukavu. Je, wanyama hujua mapema? Tembo husikia mngurumo wa chini ya hezi 20, usionaswa na sikio letu; wanasayansi wanadhani radi ya mbali huwafikia hivyo. Wazee wa Kiborana nao husoma utumbo wa mnyama aliyechinjwa kutabiri ukame. Nawaheshimu mno. Lakini si kila ishara huhusu hali ya hewa: ng'ombe akihangaika, huenda anaumwa tu. Fuatilia tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa pia, na mifugo isilale kwenye laga, yaani mkondo wa mto mkavu.