Kabla Hatujasaini Mkataba wa Sola

Maneno ya mjumbe wa kamati ya mradi wa zahanati kwenye mkutano mkuu wa mwaka

 

Nimepewa dakika chache niseme habari ya sola, kwa sababu sehemu ya mchango wa mwaka huu inakwenda kuweka taa kwenye chumba cha kujifungulia cha zahanati ya nyumbani. Ila najua wengi humu mmekwisha kuwanunulia wazazi sola za kulipa kidogo kidogo. Nami nimo, kwa hiyo naanza na kosa langu.

Mama yangu yuko Umalila. Mnaopajua mnaujua ukungu wa kule msimu wa mvua. Wakala alinipigia simu nikiwa Dar es Salaam, nikatuma kianzio, mama akaweka dole gumba. Hatukuuliza kitu. Ilipofika Januari taa zikawa zinazimika saa mbili usiku, wageni wakiwa bado wanakula. Nikaacha kulipa nikidhani ndipo watanisikiliza. Wakaufunga mtambo kwa mbali, mama akarudi kwenye kibatari, na deni likabaki palepale. Fundi alipofika alisema paneli ni ndogo kwa hali ya hewa ya pale, na kwamba mkataba hauahidi taa ziwake saa ngapi. Nikautafuta nikausoma. Ulikuwa wa Kiingereza, na fundi alikuwa anasema kweli.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Sioni kwa nini mkataba wa mama wa Umalila uandikwe Kiingereza. Ukiletewa wa namna hiyo, urudishe.

Halafu piga hesabu. Tuseme kianzio ni shilingi 50,000 na kila siku 1,000 kwa miaka miwili. Hiyo ni 780,000. Uliza bei ya taslimu. Ikiwa ni 450,000, basi 330,000 ni gharama ya mkopo. Huenda ukaona inafaa, maana si kila mtu ana 450,000 mkononi, lakini uijue kabla ya dole gumba. Uliza pia mtambo unakuwa mali yako lini, na ukikosa kulipa mwezi mmoja wa kilimo itakuwaje.

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mwambie akuonyeshe. Ubora wa vifaa ni kazi ya TBS.

Iliyo muhimu zaidi kwa mradi wetu, kwa kuwa tunanunua taslimu, ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kifaa kwa kazi gani, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, kifaa kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini ukiingia dukani ukataja mwenyewe jina la mtambo wa kampuni fulani, ulinzi huo unaweza kukuponyoka, kwa sababu umechagua wewe. Tena sheria hiyo inaruhusu wahusika kukubaliana vinginevyo, ndiyo maana kuna mikataba yenye mstari mdogo chini unaosema muuzaji hahusiki. Mstari huo tutaukata.

Kwa hiyo kamati haitakwenda kuomba “paneli nne”. Tutaandika barua: tunataka taa sita ziwake usiku kucha, Februari, katika ukungu, mama akijifungua saa tisa za usiku. Hesabu ya paneli na betri aifanye muuzaji, na barua hiyo iwe sehemu ya mkataba.

Kuna jambo la waranti. Mwaka 2019 Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na wateja wengi hapa Tanzania, iliomba ulinzi wa ufilisi kwao. Mwaka huohuo ENGIE ya Ufaransa ikainunua. Lakini si kila kampuni inapata mnunuzi, na waranti ya miaka mitano ina nguvu pale tu aliyeitoa akiwepo. Ndiyo sababu napenda muuzaji mwenye duka na betri za akiba Mbeya mjini, Mafinga au Iringa, hata kama bei yake imezidi kidogo. Najua Mweka Hazina hakubaliani nami hapa, na tumekwisha kubishana.

Pendekezo la kamati ni hili. Asilimia 80 ya fedha ilipwe kazi ikikamilika na kukaguliwa. Asilimia 20 tuishike hadi mwisho wa Aprili, mvua zikiwa zimepita, na ilipwe baada ya mganga wa zahanati kuandika kwamba taa zilikesha. Wauzaji wawili wamekwisha kuyakataa masharti hayo. Mmoja ameyakubali, na bei yake ndiyo mnayoiona kwenye bajeti ya mchango.

Wenye mikataba ya sola za wazazi, ileteni meza ya Katibu wakati wa chai. Tutaisoma pamoja.