Goti Halijavimba, Damu Imeshaingia

Msikilizaji, mtoto wa miaka minne anaamka asubuhi akichechemea, kisigino hakigusi chini. Hajaanguka wala hajapigwa. Mama anaweka kiganja juu ya goti, analisikia lina joto kuliko lile la pili. Kwa mtoto mwenye himofilia, joto hilo tu linatosha kumpeleka mama hospitali bila kusubiri uvimbe.

Himofilia ni ugonjwa wa kurithi, na wengi wanaoupata ni wa kiume. Damu haigandi inavyotakiwa kwa sababu protini moja ya kugandisha ni pungufu: fakta ya 8 kwa himofilia A, fakta ya 9 kwa himofilia B. Protini hiyo ikiwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, damu huvuja yenyewe ndani ya magoti, vifundo vya miguu na viwiko. Chembe nyekundu zikishapasuka humo huacha madini ya chuma, na utando wa ndani wa kiungo huyanyonya, unavimba, unaota mishipa mipya iliyo dhaifu. Mishipa hiyo nayo hupasuka. Gegedu linalokinga ncha za mifupa linalika, na kijana anafika utu uzima goti halikunjuki.

Lakini leo nataka tuizungumzie damu ambayo hata kiganja cha mama hakiisikii. Mwaka 2007, Daktari Marilyn Manco-Johnson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa kiume 65, walioanza kufuatiliwa wakiwa hawajafikisha miezi 30. Kundi moja lilichomwa fakta ya 8 kila baada ya siku moja ili kuzuia uvujaji. Jingine lilitibiwa pale tu damu ilipovuja. Walipofika miaka 6 walipigwa picha za MRI. Katika kundi la kinga, asilimia 93 walikuwa na viungo vizima. Katika lile la pili, asilimia 55. Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi: baadhi ya viungo vilivyoharibika havikuwahi kuonekana vikivuja. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeona uvimbe.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta viashiria ndani ya damu na mkojo. Gegedu likimomonyoka, vipande vyake huingia kwenye damu. Kimoja hupimwa kwenye mkojo na kuitwa CTX-II. Protini nyingine, COMP, hupimwa kwenye damu. Picha ya MRI ni ghali, na mtoto mdogo mara nyingi lazima alazwe usingizi kwa dawa ili atulie. Tone la damu lingekuwa rahisi kiasi gani!

Tatizo ni kwamba mtoto anakua. Mifupa yake hurefuka kwa kujenga na kubomoa gegedu kila siku, kwa hiyo vipande hivyo huwa vingi hata kwa mtoto mzima wa afya. COMP hupanda hata baada ya kukimbia. Na kiashiria kikipanda, hakisemi ni goti au ni kiwiko. Kwa hiyo hadi sasa hakuna hata kimoja ambacho daktari anaweza kukitegemea peke yake kumwamulia mtoto tiba.

Naiunga mkono kazi hiyo ya kutafuta viashiria kwa moyo wote. Ninachokikataa ni sisi kukaa tukiisubiri. Kinga si jambo jipya: huko Malmö, Sweden, watoto wenye himofilia walianza kupewa kinga mwaka 1958. Mashine ya altrasaundi, ambayo hospitali zetu nyingi zinayo kwa ajili ya wajawazito, ikishikwa na aliyefunzwa huonyesha utando uliovimba. Kliniki za himofilia zipo, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Moi kule Eldoret, na sehemu ya dawa huja kama msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani. Serikali zetu nazo zinunue. Kinga ya mtoto haifai kutegemea hisani peke yake.

Kipimo cha kunasa uvujaji wa kimya bado kinatafutwa. Cha kuitambua himofilia yenyewe kipo. Mzazi unayenisikiliza, kama mwanao alitoka damu siku kadhaa baada ya tohara, au goti lake linavimba bila sababu, usilikande kwa maji ya moto, usimpe aspirini wala diklofenaki, usikubali achomwe sindano ya makalio kabla hajapimwa. Mpeleke, omba apimwe kuganda kwa damu, na umweleze daktari kama wajomba zake walikuwa na shida hiyo. Kama hakuna mjomba wa namna hiyo, nenda vilevile: karibu theluthi moja ya watoto hawa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuwa na ugonjwa huu.