Wimbo wa kujibu barua ya mama



Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza: mtoto aliyepotezana na mama yake, siku wakionana waanzie wapi kusemezana? Sikuwa na jibu. Nikakumbuka Baloji, mtoto wa hapa hapa Lubumbashi.

Alizaliwa mwaka 1978. Angali mdogo sana alipelekwa Ubelgiji kwa baba yake, mama akabaki. Huko Liège akakua, akaimba rapu katika kundi la Starflam. Baada ya miaka zaidi ya ishirini akapata barua ya mama yake. Kuijibu, akatunga albamu nzima, Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuja Kongo, na nyingi za nyimbo zile akazirudia Kinshasa pamoja na wapigaji wa kule. Albamu hiyo inaitwa Kinshasa Succursale. Walirekodi kwa siku chache tu. Kundi la Konono No. 1 walikuwamo, wale ambao likembe zao hupazwa kwa mikrofoni walizojitengenezea kwa vyuma vya magari mabovu. Sauti inakwaruza! Mwingine angeisafisha. Yeye aliiacha. Na albamu yake ya mwaka 2018 ina jina la anwani ya mji wetu huu: 137 Avenue Kaniama.

Sasa machifu, nisikilizeni kidogo. Mmoja wenu aliwaambia vijana waondoe majina ya vijiji vilivyochomwa katika wimbo wao, wasije wakachokoza majirani. Hofu hiyo naielewa, maana wimbo unaweza kuwasha moto, tumeona. Lakini kutaja kijiji si kutukana kabila. Wimbo ule nimeusikia mara tatu, hauna tusi hata moja. Mkitoa majina, mtoto aliyepotea akiusikia kwenye redio atajuaje kwamba ni mama yake anayemwita?

Jumamosi saa tisa tutaurekodi hapa uani kwa simu mbili. Leteni ngoma, likembe na madumu matupu. Jogoo akiwika au mtoto akilia, hatutasimama. Vijana wa majirani wamekubali kuja kuitikia. Wazazi wao wako hapa pia, nawaomba msiwazuie.