Kwa Wanaoandamana Mara ya Kwanza

Ndugu zangu wa Kitengela na Kajiado,

Vijana wenu walipojitokeza barabarani Juni 2024, hawakuwa wakiomba hisani. Tangu 1997 sheria haidai leseni. Yatosha kumpelekea mkuu wa kituo cha polisi ilani, siku 3 hadi 14 kabla. (Bakini na nakala yenye muhuri, maana ofisi husahau upesi!) Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 chalinda wenye amani na mikono mitupu, hata rungu la mzee libaki nyumbani.

Ukikamatwa, usishindane. Uliza kosa lako, taja jina, kisha nyamaza hadi wakili afike. Usitie sahihi usichokisoma. Kifungu cha 49 chataka ufikishwe kortini katika saa 24; lakini ukikamatwa Ijumaa, huenda ukangoja hadi Jumatatu. Basi mwachie jirani nambari ya wakili, pamoja na dawa zako.