Wakubwa wa Kampuni Husoma Nini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi)



Tumeombwa tuseme juu ya masomo ya wale mabwana na mabibi wanaokaa upande wa pili wa meza tunapozungumza habari za mishahara. Wengi wao wana digrii ya pili ya biashara, ile iitwayo M.B.A. Wako wenzetu ambao wakisikia herufi hizo tatu hudhani ni elimu ya siri. Si siri hata kidogo. Vitabu vyake vyauzwa madukani, na masomo yenyewe hutolewa jioni katika Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine, kwa kila mwenye digrii ya kwanza na karo. Karo ndiyo ukuta, twajua.

Digrii hii ilizaliwa Marekani. Chuo cha Harvard kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908, na miaka ile ya kwanza mmoja wa walioalikwa kufundisha alikuwa Frederick Taylor, yule mhandisi aliyepima kazi ya mtu kwa saa ya mkononi. Taylor mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha 1911 jinsi mchukuzi mmoja wa vyuma katika kampuni ya Bethlehem Steel, aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku, alivyofikishwa tani 47. Mshahara wake ulikuwa dola 1 na senti 15, ukawa dola 1 na senti 85. Pigeni hesabu, ndugu. Mzigo ulikaribia kuwa mara nne, na mshahara haukufika hata mara mbili. Mwaka huo huo wa 1911, mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown waligoma walipoletewa saa hiyo, na Bunge la Marekani likafanya uchunguzi. Basi anayesimama nyuma ya mashine yako leo akihesabu dakika ni mjukuu wa Taylor, hata kama hajui jina la babu yake.

Shule ile ya Harvard ina desturi yake ya kufundisha. Mwanafunzi hupewa kisa cha kampuni, akisome usiku, na asubuhi waulizane darasani. Kisa cha kwanza kiliandikwa mwaka 1921, kikahusu kampuni iliyoitwa General Shoe, ambayo wafanya kazi wake walikuwa wakiacha kazi mapema, wengine dakika 45 kabla ya saa ya kufunga. Afanye nini meneja? Hilo ndilo swali. Nanyi angalieni kiti alichokalishwa mwanafunzi: ni kiti cha meneja. Katika miaka miwili husoma visa mamia, na karibu kila mara anayeulizwa shauri ni mkubwa wa kazi. Hatusemi ni uovu. Fundi cherehani hufundishwa kushika mkasi. Lakini mtu aliyekaa kiti kimoja mara mia kadha atahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi chumba kinavyoonekana kutoka kiti cha pili.

Masomo yenyewe ni haya: hesabu za kampuni, habari ya fedha na mikopo, kutafuta soko, mpango wa kiwanda na uchukuzi wa bidhaa, tabia za watu kazini, na namna ya kupatana bei na masharti. Juu ya tabia za watu, hutajwa sana uchunguzi wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, uliofanywa kati ya 1924 na 1932, ambao Elton Mayo wa Harvard aliueneza. Fundisho walilolitoa humo ni kwamba mtu akiona anajaliwa hufanya kazi zaidi. Ndiyo maana meneja mpya hukuuliza hali ya mtoto wako. Ni adabu njema, nasi twaipokea, ila haionekani katika karatasi ya mshahara.

Somo linalotugusa zaidi ni la hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni imeuza mali ya shilingi milioni 100. Vifaa milioni 50, mishahara 18, gharama nyingine 12, uchakavu wa mashine 10, riba ya mkopo 5. Imebaki faida milioni 5. Tajiri atakuja mezani na kusema, "Jamani, faida yetu ni milioni 5 tu." Hakusema uongo. Lakini zile milioni 10 za uchakavu hazikutoka katika sanduku mwaka huu. Mashine ilinunuliwa zamani, na kila mwaka hukatwa sehemu ya bei yake. Na riba je, inalipwa kwa nani? Ikiwa mkopo ulitoka kwa kampuni mama huko ng'ambo, fedha imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Na nyongeza ya asilimia 10 tunayoiomba ni shilingi milioni 1 na laki 8. Tuwe wa haki pia: mashine itachakaa kweli, na itabidi inunuliwe nyingine. Mjumbe anayesema uchakavu ni wizi atachekwa, na atastahili. Mjumbe anayeuliza, "Mashine hii ilinunuliwa lini, na imekatwa kwa miaka mingapi?" atajibiwa.

Wala hatuendi kuomba hisani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama anachokitambua habari zote zihusuzo mapatano, ili chama kiweze kuwasemea watu wake sawasawa. Twaweza kupewa karatasi hizo kesho. Je, nani katika tawi lako atazisoma?

Wenzetu waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1942 hapo hapo Harvard palianzishwa masomo ya viongozi wa vyama vya wafanya kazi. Na Tom Mboya, akiwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya, alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 kusoma. Miaka saba baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri wa Kazi wakati Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani ulipotiwa sahihi na waajiri na vyama.

Sisi hatuombi kupeleka mtu Oxford. Twaomba kila tawi litoe wajumbe wawili, mmoja awe mwanamke, wakutane Jumamosi alasiri kwa wiki kumi, wasome hesabu za kampuni zao wenyewe, si za kubuni kama hizi za leo. Mhasibu tutamtafuta, na nauli italipwa na chama endapo mkutano huu utakubali. Asiyejua Kiingereza kingi asiogope, maana tarakimu ni zile zile. Majina yapewe katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.