Ghorofa Zijengwe, Lakini Mpangaji Aambiwe



Juma lililopita, nikiwa hapa nyumbani Ngombezi, Korogwe, nilipigiwa simu na shangazi yangu anayeishi Kariakoo, Dar es Salaam. Shangazi huyu ni mzaliwa wa hapa hapa. Aliondoka akiwa msichana, akaolewa mjini, akafiwa na mume, na kwa zaidi ya miaka 20 sasa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na choo uani. Kila alfajiri huuza uji na chapati barazani kwa wachukuzi wa mizigo. Kwa chapati hizo amesomesha watoto wawili, na bati lililoezeka nyumba ya bibi yetu huku Ngombezi limetokana na baraza lile.

Baada ya salamu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Hebu nambie, nilipe kodi ya miezi sita au nisilipe?"

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mwenye nyumba alifariki. Warithi wake wamesikika wakizungumza na mtu mwenye fedha, ili nyumba ile ivunjwe na mahali pake lisimame ghorofa la maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Watu wamekuja mara mbili na kamba ya kupimia, wakapima, wakaandika, wakaondoka. Wapangaji walipouliza, mmoja wa warithi aliwajibu kwamba wasiwe na wasiwasi, ghorofa likiisha watarudi. Lini litaanza? Hakusema. Watarudi ghorofa ya ngapi, na kwa kodi gani? Hakusema. Wakati huo huo dalali amekwisha kupita akidai kodi ya miezi sita mbele, kama kawaida ya mjini.

Msikilizaji, swali la shangazi ni dogo, lakini limebeba jambo kubwa. Huko Kariakoo, Ilala, Magomeni na Upanga, nyumba za chini zinaondoka moja moja na maghorofa yanaota mahali pake. Mwaka 2022 Shirika la Nyumba la Taifa lilizindua upya sera yake ya ubia, ambayo inamruhusu mwekezaji binafsi kujenga pamoja na Shirika katika viwanja vyake. Wenye nyumba binafsi nao wana ubia wao: mmoja anatoa kiwanja, mwingine anatoa fedha, kisha wanagawana maduka na vyumba. Tangu ipitishwe Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, mgawanyo wa namna hiyo unaweza kuandikwa kisheria, kila mmoja akapata hati ya kilicho chake.

Mimi si adui wa maghorofa, la hasha. Jiji linalokua kwa kasi kama Dar es Salaam haliwezi kuendelea kutambaa hadi Pwani yote iishe. Ni lazima lipande juu. Ninachohoji ni jambo jingine. Katika ubia huo mwenye kiwanja ana karatasi, mwenye fedha ana karatasi, na benki ina karatasi. Mpangaji ana nini? Ana neno la mdomo alilopewa ukumbini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilipokuwa mtoto hapa Ngombezi, baba yangu alikata mkonge. Tuliishi katika nyumba ya kambi. Masharti yake yalikuwa magumu: nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ikiisha nyumba nayo imekwisha. Lakini kila mtu kambini aliyajua masharti hayo tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo baba, kila akipata kidogo, alinunua tofali. Siku ya kutoka ilipofika, tulikuwa na vyumba viwili vya kuingia. Sharti gumu linalojulikana humwezesha mtu kujipanga. Sharti lisilojulikana humfunga miguu. Shangazi hawezi kutafuta chumba kingine kwa kuwa huenda asiondoke, wala hawezi kutulia kwa kuwa huenda akaondoka. Ameacha hata kununua kabati.

Tuna mfano wa kujifunzia, nao ni Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika kota zile za zamani ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili eneo liendelezwe. Kota zikavunjwa, watu wakatawanyika kwenye nyumba za kupanga, na miaka ikapita kiwanja kikiwa kitupu. Mwezi Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika pale na kuahidi kwamba watajengewa na kurudishwa, wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa hayo, na wale wa kaya 644 wakapewa nafasi zao.

Ahadi ni deni, na deni lile lililipwa. Lakini hebu tupige hesabu. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati kota zinavunjwa, aliporudi Magomeni alikuwa kijana wa sekondari. Kurudi kwao kuliwezekana kwa sababu walijulikana idadi yao, walishikamana, wakadai, na mwisho Serikali yenyewe ikalibeba jambo lao. Je, wapangaji sita wa nyumba moja ya warithi watabebwa na nani? Nani ameandika majina yao?

Zamani ilikuwako Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na ya kumtoa mpangaji. Ilikuwa na kasoro zake, na wenye nyumba waliilalamikia sana kwamba inawanyima haki ya mali yao. Ikafutwa mwaka 2005. Leo mpangaji anategemea zaidi mkataba wake pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na akidhulumiwa anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huo ni mlango, na uko wazi. Lakini mtu anayekwenda barazani mikono mitupu, bila mkataba wala stakabadhi, ataanzia wapi kueleza?

Kuna na jambo la usalama. Hatujasahau Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, wakati jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Wala hatujasahau tarehe 16 Novemba 2024, pale Kariakoo, ghorofa lilipoanguka likiwa na watu ndani na wenzetu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Watu wanapojenga kwa siri na kwa haraka, anayefichwa tarehe ya kuvunja leo ndiye atakayefichwa ubora wa nondo kesho. Uwazi kwa mpangaji na uwazi kwa mkaguzi ni tabia moja.

Kwa hiyo, tufanyeje? Nayaona mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. La kwanza, mwenye nyumba anayekusudia kuvunja atoe notisi ya maandishi yenye tarehe, na nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. La pili, kodi ya mbele isipokelewe kupita tarehe hiyo, na iliyokwisha kupokelewa irudishwe kwa miezi iliyobaki. La tatu, anayeahidi kwamba wapangaji watarudi aandike: nani, chumba gani, kwa kodi gani. Kama hawezi kuandika, basi aseme wazi kwamba hawatarudi, watu wajue pa kwenda. Hilo nalo ni wema.

Na hata wakirudi, tusijidanganye kwamba kila kitu kitakuwa kama zamani. Shangazi aliniuliza, "Huko juu, jiko langu la mkaa nitaliweka wapi? Mchukuzi mwenye gunia begani atapanda ngazi kufuata chapati?" Sikuwa na jibu. Wachora ramani huhesabu vyumba, baraza hawalihesabu. Lakini kwa maelfu ya akina mama wa mjini, chumba ni mahali pa kulala tu, na baraza ndilo shamba lao. Maghorofa mapya yangeweza kuachiwa upenu chini kwa ajili ya biashara ndogo kama hiyo, tena kwa kodi inayolipika.

Wewe unayenisikiliza ukiwa huku Korogwe usiseme hayo ni ya Dar es Salaam. Ngombezi nayo imo ndani ya mji, viwanja vinauzwa, na watoto wetu wengi ndio hao wapangaji. Chumba cha Kariakoo kikitikisika, ada ya shule huku nayo hutikisika.

Mnataka kujua nilimjibu nini shangazi? Nilimwambia alipe, lakini juu ya stakabadhi yaandikwe maneno machache: nyumba ikivunjwa kabla ya miezi sita, fedha iliyobaki irudishwe. Dalali aliposikia alicheka. Shangazi akazirudisha noti zake kwenye kanga, akafunga fundo, akaendelea kusukuma chapati. Dalali akaacha kucheka, akasema anakwenda kuwauliza warithi.

Hadi naingia studio leo, jibu halijarudi. Shangazi bado anangoja, na fundo la kanga bado limefungwa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaaliwa.